Blanketi la Kasino

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye theluji. Mimi sijambo, mwili una nguvu, ila vidole vinapasuka kila nikisahau glovu. Wewe goti linaendeleaje? Kaka Odhiambo aliniambia umeanza tena kwenda sokoni Kendu Bay kwa miguu. Nikamwambia akukataze, akacheka, maana sote wawili tunajua hakuna aliyezaliwa wa kukukataza. Na mvua zimeanza? Na yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa anakohoa, amepona au mlimuuza?

Nimeandika barua kwa sababu simu yangu huipokei. Nimepiga asubuhi, nimepiga jioni, nimepiga hata kwa simu ya Odhiambo, na uliposikia ni mimi ukamrudishia simu yake bila kusema neno. Haya. Barua huwezi kuikata katikati. Kuna mtu wa kwetu anayesafiri wiki hii, atamwachia Odhiambo, naye nimemwagiza akupe mkononi ikiwa imefungwa. Na nimeiandika kwa Kiswahili makusudi. Unakumbuka ulivyokuwa ukitusemesha Kiswahili chako cha Isebania ulipotaka kutuambia jambo la nyumba bila nyanya kuelewa? Basi na leo ni jambo la namna hiyo. Vaa miwani, usome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Odhiambo ameniambia yote. Ameniambia umekusanya blanketi, zile sufuria, mwavuli na begi la magurudumu, vyote nilivyokutumia, ukavitia kwenye gunia na kulisukuma ndani ya banda la kuku. Ameniambia unalala na shuka na leso mbili, na upepo wa ziwa unaingia kwenye ile nyumba kama kwake. Na ameniambia umesema nikija Desemba nisikanyage ndani kwako mpaka kwanza nisimame mbele ya kanisa nitubu kwamba nilicheza kamari siku ya Sabato. Mama, nimekataa. Nakwambia mapema ili usiningoje kwa hilo. Desemba nitakuja, nitabisha mlango wako, na sitatubu, kwa sababu sina cha kutubu.

Sasa nisikilize, kwa sababu uliyoyasikia uliyasikia kwa watu.

Ni kweli naenda kasino. Sikufichi, na sijawahi kukuficha, isipokuwa hukuniuliza blanketi limetoka wapi na mimi sikuona haja ya kuhubiri juu ya blanketi. Hapa mjini kuna kasino kubwa, na kila Jumatano inaleta basi la bure mpaka karibu na nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Jumatano ndiyo siku yangu ya kupumzika. Ukipanda hilo basi unapewa kuponi mbili: moja ya chakula, na nyingine ya kuchezea mashine. Ukiwa na kadi yao ya wateja wa kila mara, wanakuongezea vitu. Mwezi huu sufuria, mwezi ujao mwavuli. Siku yako ya kuzaliwa wanakuandikia kwa upendo mwingi kuliko ndugu zako. Wanafanya hivyo ili uzoee, Mama, ili ukishamaliza ya bure uingize mkono mfukoni. Hicho ni chambo. Mimi nakula chambo, ndoano nawaachia wenyewe.

Nafanya hivi. Nikishuka kwenye basi naenda kwenye mashine ndogo kabisa, ile ya vikongwe, naweka kuponi yao mpaka iishe. Mashine ikirudisha kitu, nachukua, sirudishi tena. Isiporudisha, ilikuwa ya kwao. Mshahara wangu haujawahi kuingia mle. Hata pochi siendi nayo, naenda na kadi yao na kitambulisho, nimevitia kwenye soksi. Kisha naenda kula. Nakula vizuri, nakunywa supu, natoa Biblia yangu ndogo na kusoma somo la wiki nikingoja basi la kurudi. Kuna mzee mmoja Mfilipino ambaye naye huja kula tu, tunasalimiana kwa kichwa kama wezi wa shamba moja.

Na usidhani nimekuwa mtu wa kula kila kitu. Kile chakula kimepangwa kutoka ukuta mpaka ukuta: nguruwe, kamba, na siku nyingine mumi, wale samaki wasio na magamba, wamekaangwa wamelala kwenye sinia. Nilipowaona mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Nilikukumbuka ukimfukuza Odhiambo na mumi wake nje ya jikoni, yeye analia, wewe unamwonyesha mahali ambapo magamba yangekuwa. Nimevuka bahari mbili na bado nampita mumi bila kumgusa. Mtu ambaye bado anakumbuka magamba, atasahauje Sabato?

Wewe ndiye uliyenifundisha haya mambo, Mama. Ukasirike, lakini ndiyo ukweli. Nilikuwa nakufuata Migori na magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Mfangano, nakaa nyuma yako, naangalia. Ulikuwa unajaza kopo lako la kupimia, gorogoro, mpaka juu, halafu unatia nyongeza, konzi moja ya omena, unamtazama mteja usoni na kumwambia hiyo ni ya watoto. Mteja anaondoka akidhani amekushinda. Jioni uliniambia nyongeza ndiyo inayomrudisha mtu, gorogoro kila mtu anayo. Halafu ulipokuwa mnunuzi ulibadilika kabisa. Ulijua muuza sabuni yupi anaongeza kibiriti na yupi anaongeza pipi. Duka jipya likifunguliwa na soda za bure ulitupeleka sote, umetuvalisha, tukanywa, ukawashukuru sana na kwenda kununua sukari kwa Mhindi wako wa zamani. Hukuona dhambi. Ulisema soda hiyo wameitoa wenyewe.

Najua utasema nini. Utasema anayekula nyongeza na hanunui gorogoro ni mwizi. Ungekuwa ni wewe na gunia lako la omena, ningekubali. Lakini hawa, Mama, wana jumba refu kuliko lile gati la Kendu Bay, lina mazulia ukutani. Wanakula nyumba za watu. Nimeona mama mtu mzima akitoa pete kidoleni akiwa amesimama. Ikiwa kati ya wote wanaoingia pale yuko mmoja anayetoka ameshiba na sufuria kwapani, niache niwe mimi.

Nije sasa kwenye ile Ijumaa.

Ilikuwa wiki yao ya sherehe, basi la bure lilikuja kila siku, na kila mwenye kadi alipewa tikiti bila malipo. Tikiti zinatiwa kwenye pipa kubwa, wanazungusha, wanaita jina. Zawadi ilikuwa gari. Kulikuwa na chakula tangu mchana, na kazini nilikuwa nimepewa ruhusa, nikaenda. Nikatia tikiti yangu kwenye pipa, nikala. Huku wakati wa baridi jua linazama mapema sana, na Sabato inaingia nalo, watoto wanatoka shule giza limeanza. Nilikuwa nimeshapika tangu asubuhi, mboga na maharage viko kwenye friji vimefunikwa, nguo ya kanisa nimeining'iniza. Nilipoona kwenye dirisha mwanga unaanza kuwa wa manjano, nikasimama. Basi la bure lilikuwa lirudi baada ya kuita majina. Wale kina mama niliokuja nao wakanishangaa, wakaniambia ngoja kidogo, wanaita sasa hivi, na sheria ni kwamba asiyekuwepo anakosa. Nikawaambia jua halingoji. Nikatoka, nikalipa nauli ya basi la kawaida kutoka mfukoni mwa koti, nauli niliyokuwa nimeiweka kwa dharura. Hiyo nauli ndiyo pesa yangu pekee ambayo kasino imewahi kunitoa, na ilinitoa ili niiwahi Sabato. Nilifika nyumbani, nikawasha taa, nikaimba peke yangu, nikalala. Sikufikiria gari tena, kwa sababu watu waliotia tikiti walikuwa wengi kama omena.

Wiki zikapita. Kisha Odhiambo akanipigia akinong'ona kana kwamba mtu amekufa. Akasema habari imefika kijijini kwamba jina langu, Risper, liliitwa kwa kipaza sauti kasinoni usiku wa Ijumaa, Sabato imeshaingia, kwamba nimeshinda gari. Akasema Mama Peris ndiye aliyekuletea, naye ameambiwa na binti yake Rosebella.

Mama, hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kwamba niliitwa.

Ilikuwa Jumapili, nikaenda siku hiyo hiyo kuuliza kwenye meza yao ya kadi. Msichana akatazama kwenye kompyuta, akanihurumia kabisa. Ndiyo, jina langu ndilo lililotoka la kwanza. Waliliita, wakaliita tena, wakangoja muda wao, sikutokea, wakachota tikiti nyingine. Nililia, Mama. Nilikwenda chooni nikalia mpaka mfanyakazi wa usafi akaniletea karatasi za kupangusa uso. Sikulilia dhambi, nililia gari. Mimi huwa namalizia zamu nikisubiri basi kwenye baridi ambayo wewe hujawahi kuiona, machozi yanaganda. Gari lilikuwa langu na nikaliacha kwa sababu ya jua la Ijumaa. Na hayo yote nikayajua siku ile ile niliyojua kwamba mama yangu ananiita mvunja Sabato.

Nilipomaliza kulia ndipo nikaanza kufikiria. Mimi sikuwepo. Wale kina mama niliokuja nao hawamjui Mama Peris wala hawajui Kendu Bay iko upande gani wa dunia. Sasa jina langu lilisikiwa na nani?

Wewe unamjua Rosebella tangu akiwa mtoto. Tulibatizwa siku moja ziwani, mimi na yeye, na wewe na Mama Peris mkatupokea kwa shuka moja kwa sababu shuka lingine lilikuwa limelowa. Huku ni shemasi katika kanisa letu la Wakenya. Sabato iliyofuata tulikula pamoja kanisani, na baada ya chakula tukabaki jikoni kuosha vyombo, yeye anasuuza, mimi napangusa. Sikumgombeza. Nilisema nimesikia nilishinda gari, na kwamba nasikitika sikuliona hata kwa macho. Nikamuuliza:

"Rosebella, lilikuwa rangi gani?"

"Jekundu," akasema, bado anasuuza sahani. Kisha mikono yake ikatulia ndani ya maji.

Bomba lilikuwa linamwaga maji, hakuna aliyelifunga. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Risper, usimwambie mama. Nakuomba. Aibu itamuua."

Nikamwambia, "Na mamangu je? Yeye aibu haimuui?"

Akalia pale kwenye sinki. Nikafunga maji, nikamkalisha juu ya kreti la soda, na akaniambia. Mchana wa Ijumaa ile aliniona nikila, akajificha nyuma ya mashine. Akadhani na mimi nimemwona. Alishinda na hofu wiki nzima kwamba nitamsema kwenu, akaona afadhali aseme yeye kwanza. Mimi sikuwa nimemwona, Mama. Angenyamaza, hadi leo ningekuwa namwita dada.

Lakini nilipomsikiliza hasira yangu ilianza kukosa pa kukaa. Rosebella haendi Jumatano na basi la bure. Anaenda akitoka kazini, na mshahara wake. Kuponi ya chakula anaitupa, anasema huwa hana njaa. Anakaa kwenye mashine moja mpaka miguu inavimba, anasema ikishakula sana lazima itatapika. Ameuza kitanda chake, analala kwa godoro chini. Zile mbao ambazo Mama Peris anangoja za kumalizia nyumba, msimwulize tena Rosebella ziko wapi. Na akaniambia neno ambalo bado linanichoma, naliandika hapa ili usije ukasema nilikuficha. Alisema mara ya kwanza aliingia pale kwa sababu aliona blanketi nililokutumia likiwa bado kwenye mfuko wa kasino, akataka na yeye amtumie mama yake. Sikumpeleka mimi, Mama, wala sikujua. Lakini linanichoma.

Jumapili tulikwenda naye kwenye ile meza ya kadi. Kumbe wana utaratibu: mtu mwenyewe akiomba, wanamfungia mlango, akija walinzi wanamrudisha. Rosebella akatia sahihi. Yule msichana akanigeukia na kuuliza kama na mimi nataka kufungiwa. Rosebella akanitazama. Nikamwambia msichana hapana, asante, mimi Jumatano nina supu yangu. Hata Rosebella alicheka, machozi yakiwa bado kwenye kidevu. Sasa siku yake ya mshahara anakuja kwangu, tunapika ugali, tunatuma cha nyumbani kwanza kabla hajatoka mlangoni. Kitanda tutampatia kingine.

Basi ndiyo hivyo. Ningeweza kuja Desemba, nisimame mbele ya kanisa kama unavyotaka, nikiwa nimevaa nguo nzuri, niwaulize wazee wa kanisa swali moja tu: aliyesikia jina langu likiitwa usiku wa Sabato, alikuwa amesimama wapi? Nimeliota hilo swali. Nimelisema kwenye kioo. Lakini sitaliuliza. Mama Peris ndiye aliyekuja na kuni zake baba alipofariki, akapika na kulala kwetu sakafuni mpaka mgeni wa mwisho akaondoka. Sitamvua nguo mbele ya watu kwa ajili ya gari. Rosebella nilimwambia sitoi ahadi ya kukuficha wewe, na wewe nimekuambia. Sasa siri hii ni yetu, kwa Kiswahili chetu, na kuni zako zinajua kuchoma karatasi.

Wazee wakiniuliza, nitawajibu kwamba nilikula chakula cha kasino nikashiba, na jua lilipokaribia kuzama nikaenda nyumbani. Wakiona hilo linatosha kunifuta kwenye kitabu cha washiriki, wafute. Nitakaa benchi la nyuma na wageni na nitaimba kuliko wote. Lakini kutubu Sabato niliyoitunza, hapana. Hata ukilala njaa ili nikubali, hapana.

Na jambo la mwisho ni hilo blanketi. Mama, mwaka jana wakati wa makambi ya kanisa ulimpa mhubiri mgeni alale nalo. Uliniambia mwenyewe kwenye simu, ukijigamba, kwamba asubuhi alisema hajawahi kulala vizuri vile tangu aondoke kwake. Na sufuria zangu ndizo zilizopikia wale wageni wote. Mbona hakuna aliyeugua? Kama blanketi lina dhambi, basi anza na mhubiri, akatubu yeye kwanza, kisha mimi nitamfuata. Litoe kwa kuku. Lifue, lianike kwenye ua, watu walione. Ukikataa, mimi nikija nitalitoa mwenyewe, nitajifunika nalo nje ya mlango wako na kulala pale, na wapita njia wakiuliza nitawaambia namngoja mama aamke.

Nisalimie Odhiambo, umwambie kaka yangu kwamba kunong'ona kwake kwenye simu kunasikika mpaka Homa Bay. Nisalimie mke wake, na ile zawadi ya mtoto iko njiani, na imenunuliwa dukani, asiogope. Nisalimie shangazi kule Kisegi, na mjomba wangu wa Isebania kama bado mnaongea. Na mama wa Rosebella msalimie kwa namna ya pekee. Mpelekee samaki, ukae naye. Usimwambie kitu, kaa naye tu.

Fungua mlango, Mama.

Ni mimi mwanao, ambaye hakuwepo jina lake lilipoitwa,

Risper